Kocha, Nyamaza Kidogo Mtoto Apige Mpira

Makocha wa hapa Kakuma, ndugu zangu, nawaambia bila kuzunguka: mnaongea sana, na maneno yenu yanawaharibu watoto.

Nenda uwanja wowote jioni jua likipungua makali. Mtoto wa miaka tisa amepokea mpira. Kabla hajaugusa mara ya pili, makelele yanatoka pembeni: inua kichwa! kunja goti! tumia upande wa ndani! geuza kiuno! mwangalie mwenzako! Mtoto anasimama kama amekanyaga mwiba, mpira unachukuliwa, na kocha anamalizia: "Huyu kichwa yake ni ngumu." Kesho jina lake halimo kwenye orodha. Na orodha si mchezo, jamani. Ukiwa kwenye timu unaweza kupata kibali cha kutoka kambini siku moja ukaone Lodwar. Ukiachwa, umebaki hapa na vumbi lako.

Si kichwa kigumu. Kichwa kimejaa. Akili ina mahali padogo pa kushikia mambo unayoyatumia sasa hivi, kama kiganja kinachobeba mayai. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba panabeba kama vitu saba, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alishusha hesabu hadi kama vinne. Na hapo tunasema mtu mzima aliyekaa ametulia, si mtoto anayekimbizwa na wenzake watatu.

Juu ya hayo sisi tuna mzigo wa lugha. Kocha anapaza Kiswahili cha Kenya. Mtoto Mnuer anakigeuza kwanza kichwani, Mrundi hivyo hivyo, na hata huyu wetu wa Uvira aliyekulia kusema "mupira" anasita kidogo. Akimaliza kulielewa neno la kwanza, la nne limeshapita. Halafu mnatuambia mmechagua wenye kipaji! Mmechagua wanaomwelewa kocha upesi, basi.

Mwaka 1992, mwaka huohuo kambi hii ilipoanza, Rich Masters alichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wanajifunza kusukuma mpira wa gofu kwenye shimo. Wengine walipewa maelekezo mengi ya namna ya kufanya. Wengine walijifunza huku wakitaja herufi ovyo ovyo kwa sauti, ili akili isipate nafasi ya kujitungia kanuni. Hao wa herufi, ukiwauliza wanafanyaje, walikuwa na machache ya kusema. Lakini ilipowekwa pesa na mtu wa kuwapima, presha ikapanda, waliojazwa maelekezo ndio waliokwama. Wale wengine waliendelea vizuri. Maana yake ni kwamba kanuni uliyoimeza kwa maneno inakurudia siku ya penalti. Unaanza kuusimamia mguu ambao ungejiendea wenyewe.

Najua mtakachojibu: mtoto anayeanza lazima afundishwe hatua kwa hatua. Hoja hiyo ina nguvu, siikimbii. Mwaka 2002 Sian Beilock na wenzake waliwapitisha watu na mpira katikati ya koni. Wenye uzoefu walipoambiwa waangalie mguu wao unagusa mpira kwa upande gani, waliharibu. Wasio na uzoefu kuangalia mguu kuliwasaidia. Sawa. Lakini hao waliambiwa jambo moja tu, mguu. Hakuna aliyewapigia kelele tano kwa pumzi moja. Na nyinyi hamtofautishi: yule binti anayepiga chenga tangu akiwa na miaka mitano mnampigia kelele zilezile za anayeanza leo.

Sisemi kocha akae kwenye kiti anywe chai. Aseme kidogo, na aseme kitu kilicho nje ya mwili. Gabriele Wulf alionyesha mwaka 1998, kwa watu waliosimama kwenye mashine inayoiga kuteleza kwenye theluji, kwamba waliofikiria magurudumu yaliyo chini ya miguu walijifunza vizuri kuliko waliofikiria miguu yenyewe. Hapa kwetu hatuna theluji, ila jiwe lipo. Mwambie mtoto "ligonge lile jiwe jeupe" na kiuno kitajigeuza bila kutajwa. Jiwe unaweza kulionyesha kwa kidole. Mnuer na Mrundi wataliona pamoja.

Mbona basi kelele haziishi? Mimi nina jibu langu na sitalificha. Mtu anahudhuria semina ya siku mbili, anapewa cheti na kadi ya kuning'iniza shingoni, na wafadhili wakija na kamera anaogopa akinyamaza ataonekana hafanyi kazi. Kelele zinaonekana kwenye picha. Mtoto anayejaribu mara ishirini mwenyewe, akikosea na kujirekebisha polepole, haonekani.

Kwa hiyo nadai jambo dogo. Siku ya kuchagua timu ya watoto, dakika 20 za kwanza makocha wote wakae kimya, kila mmoja na daftari. Filimbi ya kuanza, basi. Majina yaandikwe hapo, kabla mtu hajafungua mdomo. Baadaye wakiendelea na kelele zao, waandike orodha ya pili, na zote mbili zibandikwe kwenye ukuta wa duka pale uwanjani, wazazi tuzisome.