Kiswahili kizuri, lakini hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kufundisha lugha kwa intaneti, msemo huo haujatimia kwa Kiswahili. Bidhaa ni ya Afrika Mashariki, duka ni la wengine.

Kampuni ya Duolingo ya Pittsburgh, Marekani, ilifungua somo lake la Kiswahili mwaka 2017. Julai 2021 iliingia soko la hisa la Nasdaq kwa bei ya dola 102 kwa hisa. Mwaka 2024 mapato yake yalifikia dola milioni 748, takriban asilimia 80 yakitokana na ada za wanachama, ingawa watumiaji wengi hawalipi hata senti moja. Wengi huvutwa na cha bure; wachache wanaolipa ndio wanaojaza sanduku.

Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo asikimbilie hisa hizo. Mei 2025 bei ilivuka dola 500. Novemba mwaka huo huo ilianguka chini ya 200, baada ya uongozi kutangaza kuwa utatanguliza kuongeza watumiaji kabla ya mapato ya karibuni.

Njia ya pili ni mwalimu kuuza saa zake kupitia mtandao kama Preply. Huko dalali naye hula: mwalimu anayeanza hukatwa asilimia 33, kiwango kinachopungua hadi 18 kadiri saa zinavyoongezeka, na ada ya somo la majaribio huchukuliwa yote.

Faida ya kudumu ipo kwa anayemiliki somo lenyewe. Malighafi haina uhaba. Hazina ya IRIS ya Chuo Kikuu cha York, Uingereza, iliyofunguliwa 2011, hutoa bure madodoso na majaribio ya watafiti wa ujifunzaji wa lugha ya pili. Walimu wapo, sauti halisi za Unguja na Mombasa zipo. Kinachokosekana ni mtaji wa pamoja na hesabu safi.

Kamusi ya Kiswahili ya kwenye intaneti ilianzishwa Yale, Marekani, mwaka 1994. Wenyeji wakaendelea kungoja. Tanzania inajua hasara ya kuuza korosho ghafi ng'ambo, zikabanguliwa huko. Wafanyabiashara wasirudie kosa hilo kwa lugha. Asiyetaka kukatwa na dalali afungue genge lake.