Nguzo za taa vyuoni zibebe na intaneti

Vyuo vikuu vyetu vimetumia fedha nyingi kufikisha intaneti maofisini, madarasani na maktabani. Lakini mwanafunzi akitoka nje mtandao humponyoka, kwa kuwa kuta za zege hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi. Katika kampasi pana kama ya Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi wengi husomea nje, kwenye vimbweta.

Suluhisho lipo kando ya njia: nguzo za taa. Ni ndefu, zimepangwa kwa mfululizo na umeme umeshazifikia. Kufunga vifaa vya Wi-Fi juu yake ni nafuu kuliko kusimika nguzo mpya.

Hata hivyo, kazi hii isifanywe kwa pupa. Taa za njiani kwa kawaida huwaka jioni na kuzimwa alfajiri kwa swichi ya pamoja. Kifaa kilichoungwa kwenye laini hiyohiyo kitazimika mchana kutwa, hivyo ni lazima pawe na laini isiyokatwa. Waya wa kawaida wa mtandao nao haupaswi kuzidi mita 100. Nguzo za mbali zitahitaji faiba. Kinga dhidi ya radi na makasha yasiyopitisha maji si anasa kwa nchi yenye masika.

Tunazishauri idara za miliki na za TEHAMA zikae pamoja kabla ya zabuni kutangazwa. Kila nguzo mpya isimikwe ikiwa na bomba la kupitishia faiba. Kuchimba njia ileile mara mbili ni kuchezea fedha za umma.