Kiswahili Kisiwe Pango la Kujifichia



Wengi wenu mliofika miaka 16 mmeanza kutafuta kazi za wikendi na za likizo: dukani, mkahawani, kwenye nyumba za kutunzia wazee. Nyumbani mnapewa nasaha ileile: wahi kazini, mheshimu mkuu wako, na uangalie unachoweka mtandaoni. Mbili za kwanza sina neno nazo. Hiyo ya tatu nahofia tunaifundisha vibaya. Tunamwambia mtoto, "Angalia wasikuone." Funga akaunti, futa video, usitaje jina la kampuni. Huko ni kumfundisha kujificha. Mimi naona tumfundishe kuwa mtu mmoja, kazini na nje ya kazi.

Hapa Uingereza kuna kisa ambacho wafanyabiashara hawajakisahau. Gerald Ratner aliichukua biashara ya vito ya baba yake mwaka 1984, akaikuza hadi maduka yake yakajaa katika miji ya nchi hii. Wateja wake walikuwa watu wa kipato cha kawaida. Tarehe 23 Aprili 1991, ndani ya Royal Albert Hall, London, alihutubia maelfu ya wafanyabiashara wenzake. Akataja chombo cha kioo cha kinywaji na bilauri zake sita, kilichouzwa dukani kwake kwa pauni 4.95, akasema kinauzwa rahisi hivyo kwa sababu ni takataka tupu. Akaongeza kwamba baadhi ya hereni zake ni za bei ya chini kuliko sandwichi ya kamba, na pengine sandwichi itadumu zaidi. Ukumbi ukacheka.

Magazeti yaliyaandika yote, na walioyasoma hawakucheka. Kijana aliyekuwa amejinyima akamnunulia mchumba wake pete katika duka lile alijiona amechekwa yeye. Thamani ya kampuni ilishuka kwa takribani pauni milioni 500. Ratner akaondoka mwaka 1992, na mwaka uliofuata kampuni ikabadili jina, ikaitwa Signet. Wazee wetu walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Lakini tusikimbilie methali tukaishia hapo. Bidhaa hazikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni kwamba wateja walijua wanavyosemwa wakiwa hawapo. Na mzaha ule haukuwa mpya. Alikwisha kuutoa kabla. Basi tukisema kosa lake ni kutotazama nani yumo ukumbini, hatujajifunza kitu. Kosa lilikuwa dharau, na dharau ilikuwepo kabla ya kusikiwa.

Utasema, "Yule alikuwa mkuu wa kampuni, mimi napanga bidhaa kwenye rafu tu." Lakini mteja hamjui mkuu wako. Anakujua wewe. Kwake yeye, uliyevaa fulana ya duka ndiwe duka. Na fikiri kijana anayemrekodi bibi kizee akilishwa, akawatumia rafiki zake watano wacheke. Hata kama video haitatoka kwenye simu zile tano, yule bibi amekwisha kudhulumiwa, na familia iliyomwacha pale kwa kuamini imedhulumiwa naye. Ndiyo maana kanuni za wauguzi wa nchi hii zinamtaka muuguzi alinde heshima ya taaluma yake wakati wote, hata katika mitandao ya kijamii.

Sasa nije kwetu sisi wazazi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tuna pango ambalo wenyeji hawana: lugha. Mara ngapi tumesimama mbele ya mteja tukatabasamu kwa Kiingereza, kisha tukamgeukia mwenzetu tukamsema kwa Kiswahili, unene wake, harufu yake, ubahili wake? Mtoto yupo pembeni anasikia. Hapo amejifunza mambo mawili: kwamba heshima ni ya kuonyeshana tu, na kwamba Kiswahili ni lugha ya kuwatukania watu wasiotuelewa. Kisha Jumamosi tunamleta hapa shuleni tumwambie lugha hii ni ya adabu. Ataamini lipi?

Sisemi kwamba mwajiri anamiliki maisha yako. Unaposali, unachovaa nyumbani, unayempigia kura, ngoma unayocheza harusini, hayo hayamhusu. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakulinda usibaguliwe kazini kwa dini yako wala asili yako. Tena mtu aliyechoka ana haki ya kumwambia mkewe au mumewe kwamba leo kazini kulikuwa na taabu, na mfanyakazi anayeonewa ana haki ya kulalamika. Kulalamika si kudharau. Kipimo changu ni kimoja: je, jambo hili linavunja imani aliyoniwekea mtu? Kama halivunji, ni lako. Kama linavunja, halitakuwa jema kwa kufanywa gizani au kusemwa kwa lugha ngeni.

Kwa hiyo nina ombi. Wiki hii mkikaa kula, kila mmoja asimulie mtu mmoja aliyemhudumia: mteja, mgonjwa, abiria, au mwenzake darasani. Amsimulie kana kwamba mtu huyo ameketi mezani nasi, na Kiswahili anakielewa vizuri. Wazazi tutangulie, watoto wafuate. Tukiweza hilo mezani, hatutahitaji kuwafundisha watoto kufuta video. Muungwana ni vitendo, na vitendo vyenyewe huanza na namna tunavyomtaja asiyekuwepo.