Chakula cha Juma Kipangwe na Wazazi Wote Wawili

Katika nyumba nyingi za mwambao, ingalipo desturi ya baba kuacha asubuhi fedha za matumizi ya siku hiyo tu, ambazo watu wa mjini wamezipa jina la kodi ya meza. Mama naye hulazimika kununua mafuta ya kupima, unga wa kupima na nyanya za fungu moja. Kwa mwenendo huo hakuna awezaye kupanga lolote, na mwezi unapokwisha aila huwa imelipa fedha nyingi kwa chakula kichache. Maoni yetu ni kwamba fedha za chakula zitolewe za juma zima, na baba na mama wakae pamoja kuzipangia matumizi.

Ndugu wasomaji, jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 3 katika kila 10 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Kudumaa hakuletwi na njaa peke yake. Huletwa pia na maradhi ya mara kwa mara, na mlo wa namna moja siku nenda siku rudi. Mtoto aweza kushiba ugali kila siku na bado mwili wake ukakosa vitu unavyovihitaji ili ukue.

Tena mwaka huo huo wa 2022, bei ya ngano ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine, nyumba zilizozoea mkate na maandazi kila asubuhi zilihisi uzito wake. Muhogo, viazi vitamu na mashelisheli yetu hayangoji meli.

Basi mwenye kupanga na aanze kwa kuyatazama majira. Baada ya masika huja mahindi mabichi na mpunga mpya, na machungwa ya Muheza hujaa masokoni. Mbaazi huvunwa wakati wa kiangazi, na maembe huwa tele mwezi wa Desemba. Hata bahari ina kalenda yake: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa hiyo hupungua wakati wa mbalamwezi, na pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali.

Mpango wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Siku mbili ziwe za kunde, mbaazi au choroko. Siku mbili za dagaa au samaki. Siku moja ya kisamvu kilichotwangwa na kuiva barabara. Siku mbili zilizosalia ziachwe wazi kwa ajili ya kiporo, mgeni, au kitu kilichoshuka bei sokoni. Mboga za majani ziwepo kila siku. Chungwa au embe likiliwa pamoja na mboga au kunde, huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo. Chai inayonywewa papo hapo na chakula hupunguza faida hiyo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya wenye mishahara, kwani kibarua hupata leo cha leo. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Hata hivyo, asiyeweza kutoa fedha za siku saba huenda akaweza za siku tatu. Naye akipata ziada siku moja, na anunue visivyooza upesi, kama kunde kavu wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Kwa hakika, anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote, na mara nyingi huyo ni maskini.

Twawasihi akina baba waanze juma hili: wakae na wenzi wao, waulize bei za sokoni, na waandike siku saba katika karatasi moja. Sufuria ikiwa tupu, lawama isiwe ya mama peke yake.