Msamaha wa Mwendo Una Mpaka Wake

Wapo madereva hapa Visiwani, Unguja na Pemba, wanaoamini kwamba kibao cha 50 maana yake ni 60, kwa kuwa askari hatamsimamisha mtu kwa ajili ya kilomita chache zilizozidi. Imani hiyo ni ya hatari, na tunawaomba wakuu wanaohusika waivunje.

Hatukatai kwamba chombo cha kupimia mwendo huweza kukosea kidogo. Huko Ujerumani, gari iliyopimwa chini ya kilomita 100 kwa saa hupunguziwa kilomita 3 kabla ya dereva wake kuhesabiwa kosa. Lakini hiyo ni haki ya kipimo, si zawadi ya dereva. Msamaha wa kilomita 10, tena wenye kutegemea gari ni ya nani, ni kubandua kibao na kusimamisha kingine kisichoonekana.

Na kilomita 10 si haba. Gari yenye mwendo wa 50 hukata mita 14 hivi kwa kila sekunde. Dereva aliye macho, mwenye breki nzuri, katika barabara kavu, huhitaji mita kama 28 tangu amwone mtoto wa skuli akiingia njiani hadi gari isimame. Aliyekuwa na mwendo wa 60, akifika pale pale mwenzake aliposimama, bado anakwenda karibu 40. Wa kwanza amemkosa mtoto. Wa pili amemgonga.

Lipo na jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni kufuatana. Asubuhi katika njia ya Bububu, au ya Mwanakwerekwe, gari za abiria huandamana kama siafu, zikigombea abiria wa kituo cha mbele. Wa mbele akifunga breki, wa nyuma hana hata wasaa wa kuinua mguu. Kanuni yenyewe haihitaji chombo: dereva atazame mwembe au nguzo ya umeme; gari ya mbele ikishapita, yeye asiifikie nguzo hiyo kabla ya sekunde 2. Mvua ikinyesha, ziwe 4. Katika vilima na kona za Pemba, nyuma ya lori lenye mzigo, hata hizo ni chache.

Kule Jozani yaliwekwa matuta baada ya kima punju kugongwa mno, na vifo vyao vikapungua. Tunawafurahia kima. Twadhani watoto wa Bububu nao wanastahiki kufikiriwa hivyo.

Kwa hiyo tunashauri kiwango cha msamaha kitangazwe hadharani kwa tarakimu, kisizidi kosa la chombo, na kiwe kimoja kwa gari ya abiria, ya mtalii na ya Serikali. Kufuatana nako kuingizwe katika mtihani wa leseni, na askari waanze kukuangalia njiani kabla masika hayajaingia.