"Tunataka Mtu Mkali"

Kila Jumapili baada ya Misa ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika, twasikia maneno yale yale chini ya miti ya misioni yetu hapa Rutshuru: "Nchi hii yataka mtu mkali." Wazee wasema, vijana waitikia, na kina mama watikisa vichwa kukubali. Juzi tulitaka kuwajibu, lakini mzee mmoja, mkristo wa siku nyingi, alitukatiza. "Ninyi mwasema Mobutu alikuwa mwizi," alisema. "Vema, alikuwa mwizi. Lakini siku zile nilitoka Goma usiku na mzigo wangu, nikafika hapa asubuhi, wala hakuna aliyeniuliza neno. Katika miaka hii mwanangu alitekwa mchana, karibu na shamba, tukauza ng'ombe wawili ili tumkomboe."

Tulinyamaza. Tungesema nini? Barabara ile ya Kibumba, Rugari na Rumangabo, kilometa 70 hivi, twaijua sote. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa huko pamoja na mlinzi wake na dereva wake. Ikiwa balozi hakupona, mwenye kubeba maharagwe atapona kwa nini?

Basi hatuwakubali wale watu wa shule wanaocheka na kusema kwamba wapendao watawala wakali ni wajinga. Mzee yule si mjinga. Anajua hesabu ya ng'ombe zake. Anayelala na mlango umefungwa kwa minyororo hataki hotuba juu ya katiba, ataka kulala. Neno hili tulishike kwanza, kwa maana asiyelishika hawezi kumwambia mzee yule lolote lenye faida.

Wala si sisi peke yetu. Watazameni ndugu zetu wa Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi kupita nchi zote za Asia. Mwaka 1986 watu wale walijaa barabarani Manila na rozari mikononi, Kardinali Jaime Sin akiwaita kwa radio, mpaka Rais Marcos akakimbia. Dunia nzima ikastaajabu. Lakini miaka 30 baadaye, Mei 2016, watu wale wale walimchagua Rodrigo Duterte kwa kura milioni 16 hivi. Mtu huyu alikuwa amemtukana Papa Fransisko hadharani, naye aliahidi waziwazi kwamba atawaua wauza dawa za kulevya. Hakuwadanganya wapiga kura hata kidogo.

Kwa nini walimchagua? Kwa sababu katika ile miaka 30 jamaa za matajiri ziliendelea kurithishana vyeo, kesi zililala mahakamani miaka na miaka, na dawa za kulevya ziliwaharibu vijana katika vichochoro. Huyu alikuwa meya wa mji wa Davao zaidi ya miaka 20, na watu walisema kwamba huko mtu hutembea usiku bila hofu. Je, haya si maneno ya mzee wetu?

Kisha mauaji yakaanza. Polisi wenyewe walikiri kuua watu zaidi ya 6,000, na wenye kutetea haki wasema waliokufa ni wengi kupita hao. Karibu wote walikuwa maskini. Agosti 2017 polisi walimwua Kian delos Santos, kijana wa miaka 17, wakasema kwamba alianza yeye kuwapiga risasi. Lakini kamera ya mtaani ilionyesha wanamkokota, na mwaka 2018 polisi watatu walihukumiwa. Februari 2017 maaskofu waliandika barua ya kukemea mauaji hayo, nayo ikasomwa makanisani. Watu wakaisikiliza, wakaitikia "Amina", wakaendelea kumsifu rais. Ndiyo, wakristo kama sisi.

Hapa lipo jambo moja ambalo twaomba mlifikiri sana. Mwishoni mwa mwaka 2016 Wafilipino waliulizwa maoni yao. Zaidi ya 8 katika kila 10 walisema wanapendezwa na vita vile vya dawa za kulevya; na karibu 8 katika kila 10 walisema wanaogopa kwamba wao wenyewe au mtu wao atauawa. Watu wale wale! Kila mmoja alipiga makofi huku akitazama mlango wake, akiomba bunduki ipite nyumba yake na kuingia kwa jirani. Machi 2025 Duterte alikamatwa na kupelekwa Den Haag mbele ya mahakama ya kimataifa, na Mei mwaka huo huo watu wa Davao wakamchagua tena kuwa meya, yeye akiwa gerezani.

Turudi kwetu. Mzee wetu asema usiku ulikuwa na amani. Hatubishi, lakini tuulize amani ile ilinunuliwa kwa nini. Mobutu alishika nchi tarehe 24 Novemba 1965. Watu walikuwa wamechoka kwa vita vya 1964, wengi wakamshukuru Mungu. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Juni, aliwanyonga watu wanne hadharani Kinshasa, waliokuwa mawaziri, na mmoja wao, Evariste Kimba, alikuwa waziri mkuu. Makumi elfu ya watu walikuja kutazama. Mwaka 1970 alisimama peke yake katika uchaguzi: karatasi ya kijani ni matumaini, karatasi nyekundu ni machafuko. Kura milioni 10 na zaidi zikamkubali. Zilizomkataa zilikuwa 157. Sisi twawakumbuka hao 157 kwa heshima, hata tusipowajua.

Mwaka 1972 alikataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula, aliyesema kweli, alifukuzwa nyumbani kwake akaenda kukaa Roma kwa muda. Tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa waliandamana wakiimba na kusali, wakapigwa risasi. Na askari, wale waliolinda barabara ya mzee wetu? Mishahara yao ililiwa na wakubwa, mpaka Septemba 1991 wakavunja maduka na kupora miji. Hapo ndipo twamjibu mzee. Amani ya siku zile ilikuwa kama mkulima anayekula mbegu zake: jioni ile anashiba kweli. Mobutu alipokufa Rabat mwaka 1997 hakutuachia hakimu mwenye nguvu, wala askari mwenye mshahara, wala barabara. Waliomteka mwanao, baba, walizaliwa katika njaa ile.

Hata baada ya hayo hatukuacha kutamani. Mei 2021 serikali ilipoweka utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ule tunaouita état de siège, wengi wetu tulifurahi. Mashauri ya jinai ya raia yalipelekwa kwa mahakama za kijeshi, amri ikaongezwa kila siku 15. Je, tulipata usalama? Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 waliingia Rutshuru na Kiwanja, na Januari 2025 wakaingia Goma. Tarehe 30 Agosti 2023 ni askari wa jeshi la nchi waliowaua zaidi ya watu 50 mjini Goma, waumini waliokusudia kuandamana. Na sisi wa hapa hatujasahau Novemba 2008, watu 150 hivi walipouawa Kiwanja na waasi wa CNDP, nao pia walijiita walinzi wa watu. Tangu siku ile tumesikia ahadi ya mkono wa chuma kutoka kila upande.

Tena tusiwalaumu wakubwa tu. Kijana akishikwa sokoni na simu isiyo yake, nani huleta tairi na petroli? Si rais. Ni sisi, na baadhi yetu tumetoka kanisani. Miaka kadhaa iliyopita tulisimama kando ya njia tukatazama kijana akipigwa hivyo, wala hatukusema neno, na baadaye ikajulikana kwamba simu ilikuwa ya dada yake. Aibu hiyo tunayo bado.

Tulimweleza mzee hayo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akiwa ameshika kofia yake. Kisha akasema: "Nimesikia, wanangu. Basi yule aliyemteka kijana wangu namjua, na kwao nakujua. Nimpeleke kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Twaliandika swali lake hapa kama alivyoliuliza, ili siku watakapokuja watu kuomba kura zetu na kutuahidi ukali, tuwaulize hilo kwanza: hakimu wa Rutshuru ni nani, analipwa na nani, na mlango wake uko wapi.