Ubao Haujui Jina la Mtu

Wasomaji wangu, wacheza bao wajua kwamba hodari naye hupatikana siku yake. Katika sataranji jambo hili lilionekana mjini Hastings, Uingereza, katika mashindano ya mwisho wa mwaka 1930 na mwanzo wa 1931.

Upande mmoja aliketi Bwana José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa ulimwengu tangu 1921 hata 1927, ambaye zamani alikaa miaka minane pasipo kushindwa katika shindano lo lote. Mbele yake aliketi Bwana Sultan Khan wa Punjab. Huyu alifundishwa na baba yake kwa kanuni za Kihindi, ambamo askari haruhusiwi kuruka nyumba mbili anapoanza. Kanuni za Kizungu alijifunza akiwa mtu mzima, na Uingereza alifika mwaka 1929.

Khan hakufanya haraka, wala hakutafuta hila za kushangaza watu. Alimbana mwenzake kidogo kidogo, hata baada ya hatua 65 bingwa akashindwa.

Mashindano yalipokwisha, Capablanca alikuwa wa pili na Khan wa tatu. Basi ushindi mmoja haukugeuza daraja zao. Lakini ulionyesha kwamba ubao haujui jina la mtu. Wajua hatua zake tu. Wengi wetu hushindwa kabla ya kuketi, kwa kuliogopa jina. Tuketi kwanza, ndugu, kisha tuhesabu.